Murhesa mpaka Lwiro kwa miguu

Ukiwa kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Kalehe, mashariki mwa Kongo, jua limeanza kushuka na hujui utalala wapi, usiulize hoteli. Uliza kengele iko wapi. Penye kengele pana parokia, penye parokia hapakosi chumba cha mgeni, na mara nyingi mwenye funguo ni sista atakayekutazama miguu kwanza, uso baadaye.

Rafiki zangu wa Bukavu wakinisikia nasema hivyo wananicheka. Wao wanatazama kwenye simu video za Hispania, ile njia ya Santiago de Compostela, watu wanatembea wiki nzima nzima na kila jioni wanaingia nyumba ya mahujaji, kitanda juu ya kitanda. Wengine hawaendi mbali hivyo, wanataja jirani: ng'ambo ya ziwa Kivu, Rwanda wana Congo Nile Trail, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, ina vibao na vituo vya kulala, na mwisho wake ni pale ambapo ukisimama Nguba, mtaa wa Bukavu, unapaona. Sisi tuna nini? Mimi nawajibu kwamba njia tunayo, tulichokosa ni vibao. Mapadri Weupe waliofika Bushi, nchi ya Washi, mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa watu wa kutembea, na wapagazi wao ndio waliotembea zaidi. Chukua ramani utazame misheni za zamani: kutoka moja hadi nyingine, mtu mwenye mzigo anafika kabla ya giza. Sidhani ni bahati. Halafu serikali ya Kibelgiji ikaongeza vituo vya utafiti na hospitali, vyote na nyumba za wageni, na nyumba hizo nyingi bado zina vitanda.

Hapa naeleza kipande kimoja tu cha njia hiyo, siku ya Murhesa hadi Lwiro. Ilikuwa kiangazi, kabla ya Februari 2025 vita vilipofika Kavumu na kisha Bukavu. Nilikuwa na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye alikubali kuja kwa sharti kwamba maji nibebe mimi.

Kutoka Bukavu hadi Murhesa sina mengi ya kusema. Ni moshi, honi, matope makavu, soko la Mudaka ambalo siku ya soko linameza barabara yote, na mtu anayetaka kufurahia kutembea asianze kufurahia kabla ya hapo.

Murhesa tulilala kwa masista Watrapisti. Wanafuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na katika kanuni hiyo sura ya 53 inaagiza kwamba kila mgeni anayefika apokelewe kama Kristo mwenyewe. Kwa maneno ya kawaida maana yake ni ndoo ya maji ya moto, shuka lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, na sahani ya maharagi ambayo hakuna anayekuuliza umelipia nini. Kengele ya kwanza inalia usiku bado mkubwa, majogoo wamelala. Nilitoka uani kwa baridi ile, nikawasikia wakiimba zaburi kwa sauti moja iliyonyooka, haipandi sana wala haishuki sana. Mdogo wangu alivuta blanketi mpaka kichwani akasema kama hao ndio wanatuombea, basi yeye anaweza kuendelea kulala.

Asubuhi sista wa wageni hakutuuliza tunaenda kufanya nini Lwiro. Aliuliza kama tumebeba chumvi. Hatukubeba. Akatufungia viazi vitamu vilivyochemshwa ndani ya jani la mgomba, na chumvi pembeni kwenye kikaratasi cha daftari la shule kilichokunjwa mara nne, bado kina hesabu za mtoto fulani kwa kalamu ya bluu. Huko mbele nilikuja kuelewa. Saa tano, jasho limekukauka shingoni, kiazi bila chumvi hakishuki.

Tuliondoka na ukungu. Saa hiyo barabara si ya magari, ni ya akina mama. Wanakuja kinyume chetu, wameinama, mzigo uko mgongoni na kamba imepita kwenye paji la uso: mihogo, makaa, ndizi za kutengeneza kasikisi (pombe ya ndizi), kilo 50 na pengine zaidi, wanashuka kuelekea Mudaka na Bukavu. Nimewaona tangu utoto wangu, pale mjini, wakipanda kutoka bandarini. Lakini mjini unawaona wakifika. Barabarani ndipo unawaona wakitembea, na huo ni ujuzi mwingine kabisa. Hatua yao ni fupi, kisigino hakinyanyuki sana, mikono inashika kamba karibu na masikio ili shingo isipinde. Na hawakai chini hata kidogo. Kukaa chini na mzigo ule ni kutafuta watu wawili wa kukunyanyua. Wanachofanya ni kutafuta ukingo wa barabara uliokatwa kwa urefu wa kiuno, wanaugeukia mgongo, wanashusha uzito juu ya udongo bila kufungua kamba, wanapumua, halafu wananyooka tena na kuondoka. Ukishajua hivyo unaanza kuziona kingo hizo kila mahali, udongo umelainika na kung'aa kwa miaka ya mizigo, kila baada ya mwinuko mmoja kwenye kona yenye kivuli.

Tukaanza kuzitumia. Begi langu lilikuwa na kilo chache za aibu, lakini dawa ni ile ile: unarudi kinyumenyume, unaliegemeza, mabega yanarudi mwilini. Mama mmoja alitukuta tumeegemea ukingo ambao bila shaka ulikuwa wa kwake kila siku. Tukampisha. Akashusha mzigo wake, akatazama begi langu lenye mikanda na vifungo, akauliza kwa heshima kabisa, "Ndani kuko nini?"

Nikamwambia nguo, maji, tochi, viazi.

"Unaenda kuuza?"

"Hapana, mama. Navitembeza tu."

Alicheka mpaka kamba ikamtoka kwenye paji la uso.

Hilo swali, kwa sura zake zote, ndilo mzigo mkubwa wa mtu anayetembea kwetu bila sababu. Madereva wa moto, pikipiki za abiria, ndio wa kwanza. "Yaya, panda! Na mdogo atapanda!" Tunatembea, tunajibu. "Makuta ilikosa?" Hapana, pesa ipo, tunatembea tu. Na hapo, badala ya kuondoka, kijana anapunguza mwendo, anatembea na injini kando yenu, sauti imebadilika, imekuwa ya ndugu: "Basi nitawabeba bure mpaka pale mbele." Kukataa bei ni rahisi. Kukataa wema wa mtu ambaye hajala tangu asubuhi ni kazi. Mimi nilikuwa nasema tunafanya spoti, na spoti watu wanaielewa, lakini spoti ina nguo zake na saa zake, haiendi na begi. Mdogo wangu akavumbua jibu lake: tumeweka nadhiri. Jibu hilo ni ufunguo. Mjadala unakwisha papo hapo, moto inaondoka polepole, na zaidi ya mmoja alitupa jina la mgonjwa wa kumwombea tutakapofika. Majina hayo tuliyaandika. Nilimwambia mdogo wangu sasa nadhiri ipo kweli, atake asitake, na usiku ule Lwiro aliyasoma yote kwa sauti.

Miti ni njia panda. Kushoto barabara inapanda kwenda Tshivanga, inaingia Hifadhi ya Kahuzi-Biega na kutokea Bunyakiri. Moja kwa moja ni Kavumu. Ukungu ulikuwa umeondoka na mlima Kahuzi, mita 3,308, ulisimama pale magharibi kama unatuhesabu. Wageni wengi waliofika Miti siku zile walipinda kushoto kwenda kuona sokwe (gorila) wa tambarare ya mashariki, ambao wameifanya hifadhi hiyo ijulikane tangu ilipoanzishwa mwaka 1970. Sisi tulikunywa mashanza. Kikombe cha plastiki, maziwa mazito yanayokataa kumiminika, na mandazi ya moto. Kama kuna sababu moja ya kutembea badala ya kupanda gari, ni njaa ya saa nne asubuhi mahali penye mashanza.

Baada ya Miti kuna Kashusha, na hapo nilijua tutanyamaza kidogo.

Kuanzia 1994 hadi 1996 ukanda huu ulikuwa makambi: Kashusha, Inera, ADI-Kivu, turubai za bluu kutoka barabarani mpaka mashambani, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Mwishoni mwa Oktoba 1996 Bukavu ilianguka, na wiki iliyofuata makambi yakavunjwa. Watu waliokuwa humo waliondoka kwa miguu, wakapita msitu wa Kahuzi kuelekea Walikale, na waliobaki hai wakafika mpaka Tingi-Tingi, mamia ya kilomita ndani ya nchi. Leo ukipita huoni kitu. Ni mashamba ya maharagi, migomba, nyumba za bati. Mdogo wangu alizaliwa baadaye na hakuwa anajua. Nilimwambia tukiwa tunatembea, bila kusimama, kwa sababu kusimama kungefanya iwe kama tunaonyesha kitu.

Bibi mmoja alikuwa anaanika mihogo juu ya mkeka karibu na barabara. Alituona tangu mbali, wawili, mabegi mgongoni, vumbi mpaka magotini. Tulipomfikia tukamsalimu. Hakuitikia salamu kwanza. Alitazama nyuma yetu, barabara yote mpaka kona, akauliza:

"Muko wangapi nyuma?"

Nilichukua muda kuelewa. Mdogo wangu alielewa kabla yangu.

"Tuko wawili tu, koko. Hakuna vita. Tunatembea."

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Munatoka wapi?"

"Kwa masista, Murhesa."

Akaachia mkono wa mtoto aliyekuwa amemshika, mjukuu nadhani, ambaye nilikuwa sijamwona. Kisha ndipo akatuamkia, salamu ndefu ya watu wazima, habari za nyumbani, habari za wazazi, habari za njia. Akatutolea maji kwenye kikopo. Hakutucheka na hakutuuliza tena kwa nini. Tulipoondoka alituambia tusikae barabarani mpaka jioni, kwa sababu watu wakiona mabegi wataanza kufunga vitu vyao.

Nimelifikiria sana onyo hilo. Watu wa mjini tunaposema Wakongo hatuna utamaduni wa kutembea kwa kujifurahisha, tunasema kama vile ni uvivu au umaskini. Kwetu Kivu miguu inajua kazi mbili, kubeba na kukimbia. Mei 2021, Nyiragongo ilipotema moto na baada ya siku chache serikali ikaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, barabara ya Sake ilijaa watu na magodoro yao kichwani. Kila mtu mwenye umri wangu ana barabara yake ya namna hiyo. Anayetaka kuwashawishi watu wa kwetu watembee kwa raha, aanze kwa kufikiri namna atakavyoonekana kutoka kwenye mkeka wa mihogo. Asipite kijijini mbio. Asalimu kabla hajafika. Begi lenye rangi kali afadhali. Mkimbizi havai rangi ya machungwa.

Kavumu tuliipita haraka. Uwanja wa ndege, askari, vibanda vya simu, muziki mkubwa. Ndege ndogo ilitua tukiwa kwenye uzio, na mdogo wangu akahesabu kwa sauti dakika ambazo abiria wale wangetumia kufika mjini, ambako sisi tulikuwa tumeondoka jana yake.

Baada ya hapo tuliacha barabara kuu tukashika njia ya udongo inayopanda kushoto. Hapo ndipo siku ilipogeuka kuwa nzuri kwa maana ambayo watu wa video wangeikubali. Njia nyekundu kati ya mikaratusi, upepo kutoka ziwani, na ukigeuka nyuma unaona ziwa Kivu lote, mita 1,460 juu ya bahari, na kisiwa cha Idjwi katikati yake, na nyuma ya Idjwi milima ya Rwanda. Kuna mahali tulipita miti ya kwinini. Mdogo wangu alidhani ni msitu wa kawaida mpaka nilipomwonyesha shina lililochunwa gamba. Mti huu asili yake ni milima ya Andes. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwinini karibu yote ya dunia ilitoka Java. Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, mashamba ya milima yetu yakawa na thamani ambayo hakuna aliyeitegemea. Mpaka wakati wetu kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimeendelea kutoa kwinini kwenye magamba ya miti ya Kivu. Nilivunja kipande kidogo kilichokuwa chini, nikampa aonje. Alitema kwa dakika tano, na akakataa maji yangu kwa hasira, halafu akayaomba.

Lwiro unaifikia bila kuitegemea. Unapanda kati ya nyumba za udongo na mashamba ya mihogo, halafu ghafla kuna miti iliyopandwa kwa mstari, bustani, na majengo makubwa ya Wabelgiji ambayo mtu angeyatazamia katika mji wa Ulaya. Hapa ndipo taasisi ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilijenga makao yake ya kuchunguza kila kitu kilichohusu Afrika ya Kati: mimea, nyoka, samaki, matetemeko, utapiamlo wa watoto. Siku hizi ni CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia. Mishahara ya watafiti ni habari nyingine na sitaigusa, lakini maktaba ipo, mimea iliyokaushwa ipo, nyoka wako kwenye chupa zao, na vipimo vya matetemeko vinaendelea kusikiliza chini ya miguu yetu. Aliyekuwa Bukavu tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilipotikisika kwa ukubwa wa 5.9, haulizi kazi ya vipimo hivyo.

Kwenye nyumba ya wageni muzee mlinzi alitupokea na daftari. Majina, tunakotoka, tunakoenda, chombo cha usafiri. Kwenye chombo cha usafiri mdogo wangu akaandika "miguu". Muzee akasoma, akachukua kalamu, akataka kufuta, akaacha.

Kulipa kulikuwa na kisa chake. Noti yangu ya dola 20 ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, kama ukucha wa mtoto, uliotokea labda kwenye zipu ya begi. Kila Mkongo anajua kilichofuata. Muzee aliishika kwenye mwanga, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo, akanirudishia kwa masikitiko ya daktari. Faranga zenye mkanda wa gundi katikati tunazipokea na tunazipa chenji. Dola ya Marekani ikiwa na kidonda, imekufa. Tulikusanya faranga kutoka mifuko yote, na zile za mdogo wangu alizokuwa amezificha ndani ya soksi zilitoka zikiwa na joto na harufu ambayo muzee alikuwa na adabu ya kutoitaja.

Chumba kilikuwa na dari ndefu, kitanda cha mbao nzito, na bafu lenye bomba ambalo halikutoa maji, na chini yake bidoni mbili za maji yaliyochotwa. Hiyo ni sheria ya nyumba za njia hii: usitazame bomba, tazama bidoni. Tuliosha miguu kabla ya kitu kingine. Malengelenge mdogo wangu alikuwa nayo mawili, mimi moja, na mama wa jikoni alipoyaona akaleta mafuta ya mawese kwenye kisosi. Sijui kama mawese yanasaidia kweli, ila miguu ilinyamaza. Chakula kikawa bugali, sombe na sambaza, wale samaki wadogo walioletwa ziwani kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo ni vigumu kuifikiria Bukavu bila wao.

Tukiwa mezani, kelele zikapasuka huko gizani, za kupanda, mmoja anaanza na wengine wanamfuata mpaka inakuwa ghasia. Mdogo wangu aliweka tonge chini. Muzee akasema ni majirani. Ni sokwe mtu wa kituo cha uokoaji, kilichoanzishwa hapo mwaka 2002, zaidi ya 100, wengi wao walinyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara wakiwa wadogo. Wakigombea mahali pa kulala, alisema, ni hivyo kila jioni, na wageni wa kutoka mjini ndio pekee wanaoamka.

Nilimuuliza kuhusu kesho. Nilitaka tushuke Katana, kwenye hospitali ya Fomulac, na nilisikia masista wa huko wana vyumba, lakini sikuwa na namba ya mtu. Muzee akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaenda kusimama juu ya jiwe pale uani ambako mtandao unakamata, akapiga. Tulimsikia akieleza kwa Mashi, lugha ya huku, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akicheka katikati, neno "miguu" likirudi kwa Kiswahili kila mara. Akafunika simu kwa mkono.

"Sista anauliza ile nadhiri yenu ni ya nini, ili aseme kwa wenzake."

Mdogo wangu alinitazama. Sijui nani alikuwa amefikisha habari hiyo Katana kabla yetu. Nashuku wale vijana wa moto.

"Mwambie tutaeleza tukifika."

Akarudi kwenye simu, akasikiliza, akaitikia mara nyingi.

"Anasema vyumba viko. Chakula ni saa moja kamili, na yule atakayechelewa atakula baridi."